Java inanishinda, na ninachotaka ni modi (nyongeza ya kutengeneza mwenyewe) ya mgomba kwenye gemu ya Minecraft. Ugumu uko wapi hasa?

#1 Kijana wa Kihamba

Habari wakuu. Niko Moshi, Majengo. Minecraft ile ya kompyuta, Java Edition, naicheza tangu kidato cha tatu na kuna kitu kimoja nakitaka sana: niingize mgomba ndani ya gemu. Mgomba wa kwetu, unaopandwa kihambani (shamba la nyumbani), unaokunywa maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, na kutoa mkungu. Ngano imo, karoti zimo, viazi vimo, mpaka kakao imo. Mgomba hakuna. Picha zake nimeshazichora zote kwa piseli 16 kwa 16: shina, majani, mkungu mbichi na mkungu ulioiva.

Kilichobaki ni kuprogramu, na hapo ndipo nimekwama. Tangu masika najifunza Java. Nikitazama video naelewa kila kitu, jamaa anaandika na kueleza na naona kabisa anachofanya. Nikifunga video nikafungua ukurasa mtupu, sijui niandike neno gani la kwanza. Nikisema basi nimfuate neno kwa neno, kwake inakubali, kwangu yanakuja maandishi mekundu skrini nzima. La jana lilikuwa hili: "Unsupported class file major version 65". Hiyo 65 ni ya nini?

Laptopu ina RAM ya GB 4. Nafanya kazi stesheneri, kwa hiyo kuchapa siyo shida, na bando najinunulia mwenyewe.

Kwa mtu ambaye hii ndiyo lugha yake ya kwanza ya programu, Java yenyewe ndiyo ngumu, au kuna namna ya kuiendea? Waliopita hapa wakatoka naomba waje.

#2 Tanzanite ya Kijivu

Natega sikio. Na mimi niko humohumo, ila upande wa Roblox.

#3 Pilipili Kichaa

Mkuu achana na Java, anza na Python. Java unaandika mistari mitano ili kompyuta iseme "habari", Python ni mstari mmoja. Ukiiva ndiyo uhamie kwingine. Unaweza hata kupitia JavaScript, maana hiyo na Java ni ndugu, ukijua moja umejua zote.

#4 Nukta Mkato

#3 hapo kwenye undugu hapana. Java ilitoka Sun Microsystems mwaka 1995, kazi ya James Gosling na wenzake. JavaScript ilitoka Netscape mwaka huohuo, aliyeiandika ni Brendan Eich. Jina waliliazima kwa sababu za soko, Java ilikuwa inavuma wakati huo. Ukijua moja, nyingine bado unaisoma upya.

Na Python haiingii kwenye modi za Java Edition. Kulikuwa na Minecraft ya Raspberry Pi mwaka 2013 iliyokubali Python, ila hiyo ni toleo dogo la pembeni. Mtoa mada anataka mgomba. Akishinda na Python miezi kadhaa atajua Python na mgomba bado hana.

Mtoa mada, hiyo 65 siyo kosa la msimbo wako hata kidogo. Kila toleo la Java lina namba yake ya ndani: 52 ni Java 8, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Umeweka Java 21, ila ile Gradle inayojenga mradi wako ni ya zamani kidogo na haiifahamu. Unatengenezea Minecraft ipi?

#5 Kijana wa Kihamba

1.20.1 kwa Forge, ile inayopakia modi ndani ya gemu. Asante sana mkuu, hili hakuna video iliyonieleza. Java nilishusha ile mpya kabisa nikijua mpya ndiyo bora.

#6 Nukta Mkato

Basi 1.20.1 inataka Java 17. Kuanzia 1.18 ni 17, kuanzia 1.20.5 ni 21. Zile za kale za 1.12 zinataka Java 8. Weka JDK 17 (Java ya watengenezaji), halafu kwenye IntelliJ unapoandikia msimbo hakikisha mradi na Gradle vyote viwili vinaelekezwa hukohuko.

Nikuambie kitu. Wengi hawashindwi na Java. Wanashindwa na vitu vinavyoizunguka: toleo la Java, Gradle, Forge, Fabric ambayo ni mbadala wa Forge, NeoForge iliyojitenga na Forge mwaka 2023. Mtu hajaandika hata sharti moja na ameshakutana na vitu vitano vinavyogombana kimyakimya, halafu anajiita mzito. Mimi naamini asilimia kubwa ya wanaokata tamaa wanakatia tamaa hapo, kabla ya kuonja lugha yenyewe.

#7 Pilipili Kichaa

Na ndiyo maana nikasema Python! Kule unaweka kitu kimoja unaanza kazi. Undugu wa majina nauacha, lakini hoja yangu iko palepale: mtu ajifunze kwanza kufikiri, mazingira ya modi baadaye.

#8 Chalii wa Sombetini

Oyaa mimi naona mnakosa jambo lenyewe. Tatizo ni video. Siyo kwamba ni mbaya, tatizo ni za lini. Nilimkuta dogo hapa Chuga anafuata mafunzo ya 1.12, anaandika setUnlocalizedName, kompyuta inamwambia hakuna kitu kama hicho. Anarudisha video nyuma, anakagua herufi mojamoja, ziko sawasawa. Anaona amerogwa. Kumbe hilo neno liliondolewa zamani, 1.13 ilipokuja 2018 walipangua vitu vingi sana. Dogo kafanya kila kitu sahihi kwa gemu ambayo siyo aliyonayo.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia video tazama toleo. Kama siyo 1.20.1, funga. Usijipe moyo kwamba zinafanana.

Pili, mimi nilianzia GTA San Andreas, na nilianza bila lugha yoyote. Kuna faili linaitwa handling.cfg, unalifungua kwa Notepad. Kila gari lina mstari wake, namba ya kwanza baada ya jina ni uzito kwa kilo. Nikachukua gari moja nikalipunguza uzito, nikaingia ndani ya gemu, nikaligonga kidogo tu likaruka. Aisee siku ile sikulala. Nikawa nabadilisha namba moja, naingia kutazama, natoka, nabadilisha nyingine. Kujua kwamba maandishi ya kwenye faili ndiyo yanayoendesha gemu, hilo lilinitosha kuanzia. Script za CLEO, programu ndogondogo za kuongezea gemu vitu, zilikuja baadaye, na zilipokuja sikuziogopa.

#9 Konda Mstaafu

Nakazia #8 sehemu ya pili. Mimi ni wa mabasi. Euro Truck Simulator 2, nataka basi la njia ya Arusha–Dar liwe na sura yake, honi yake, nguvu yake. Modi ya ETS2 ni faili la .scs, na ukilifungua wengi wao ni zip ya kawaida tu. Ndani kuna mafaili ya .sii, ni maandishi matupu. Yanaanza na SiiNunit, halafu bano la kupinda, ndani yake vitu vina majina na thamani. Kwenye injini kuna torque, yaani nguvu ya kuzungusha, unaandika namba. Ukisahau kufunga bano moja, basi halitokei kabisa.

Hapo ndipo nilipojifunza nidhamu ya mabano. Siyo darasani. Nilitaka basi lipande mlima na halikupanda.

Lakini nina swali kwa Nukta Mkato: hiyo tunayofanya sisi ni kuprogramu au siyo?

#10 Nukta Mkato

Siyo programu kamili, hakuna maamuzi ndani yake, ni data. Ila mkono unazoea na jicho linazoea. Sioni ubaya wa kuanzia huko.

#11 Bwana Shamba 88

Sasa kama kuhariri faili kunatosha, mtoa mada atumie datapaki. Zipo tangu 1.13, huandiki Java hata herufi moja, ni mafaili ya JSON (maandishi ya majina na thamani) na amri tu. Mgomba wako unapatikana wiki hii.

#12 Chalii wa Sombetini

#11 datapaki haiongezi bloku mpya kwenye Java Edition, mzee. Inabadilisha mapishi, inabadilisha kinachodondoka ukivunja kitu, inaendesha amri. Bloku mpya kabisa haitoi. Anachoweza ni kuchukua ngano na kuivalisha picha ya mgomba kwa risosi paki, lakini basi ngano yote duniani inakuwa mgomba.

Angekuwa na Bedrock, ile ya simu, kule unaweza kuongeza bloku yako kwa JSON na ukitaka akili zaidi unaweka JavaScript. Ila yeye yuko Java Edition.

#13 Kijana wa Kihamba

Niko Java Edition na rafiki zangu ninaocheza nao wote wako huko, tunaunganisha kwa waya mmoja hapa mtaani. Na ngano naihitaji, siwezi kuigeuza.

#8 ile ya kubadilisha namba moja na kuingia kutazama nimeipenda. Nimeshusha JDK 17 usiku kwa bando la usiku, naleta majibu.

#14 Mwalimu Njiro

Nafundisha somo la kompyuta sekondari hapa Arusha, na ninachokiona kila mwaka ni tofauti na mlivyosema wote. Hata nikiwaondolea wanafunzi Gradle, video na kila kitu, nikawaandikia ubaoni mistari minne tu, bado nusu ya darasa inakwama. Tazameni hii:

int umri = 0;
while (umri < 7) {
    umri = umri + 1;
}

Majina unaweza kuyaweka kwa Kiswahili, kompyuta haijali. Nauliza: ikimaliza, umri ni ngapi? Napata 6, napata 7, napata 8, na wapo wanaosema haiwezekani. Hao wa mwisho ndio ninaowapenda kuliko wote, kwa sababu wanafikiri. Wanasema, Mwalimu, umri hauwezi kuwa sawa na umri ukijumlisha moja. Na kwenye hisabati wana haki kabisa! Kwa miaka yote wamefundishwa kwamba alama ya = ni usawa. Hapa siyo usawa, ni agizo: piga hesabu ya upande wa kulia, jibu liweke kwenye jina la kushoto, lililokuwemo lifutike. Hakuna video niliyoiona inayokaa hapo hata dakika moja, wote wanapita kama vile ni jambo la wazi.

Ninachowafanyisha ni jedwali kwenye daftari. Safu ya kwanza, umri ni ngapi sasa. Safu ya pili, je, ni chini ya 7. Safu ya tatu, umri mpya. Wanajaza kwa kalamu mpaka sharti linakataa. Wakifika umri 7, swali "je, 7 ni chini ya 7" linajibiwa hapana, inatoka. Jibu ni 7. Akishajaza jedwali kama hilo kwa mkono mara kadhaa, mwanafunzi anaanza kuiendesha programu kichwani, na hapo ukurasa mtupu haumtishi tena. Mwanangu Kijana wa Kihamba, ulipoandika kwamba ukitazama unaelewa na ukifunga video huna la kuandika, nilijua ni hili. Unaelewa maneno ya msemaji. Kuiendesha mashine kichwani mwako bado.

Na kama kuna mwenye wadogo nyumbani, Scratch ya MIT, iliyotoka 2007, ina Kiswahili ndani yake, na inafanya kazi bila intaneti ukishaisakinisha.

#15 Tanzanite ya Kijivu

Mwalimu mimi nilikuwa kwenye wale wa 8. Asante.

#16 Mti wa Muarobaini

Mwalimu umeeleza vizuri lakini umelikwepa kubwa. Tatizo ni Kiingereza. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza kila kitu kinageuka. Halafu unamletea kompyuta inayomwambia makosa yake kwa Kiingereza cha kiufundi. Asiyeelewa kosa atalirekebishaje? Anakopi kosa, analipeleka mtandaoni, anapewa jibu la Kiingereza kingine kigumu zaidi. Mtoa mada ameletewa sentensi ya maneno matano na namba, imembidi aje huku kuuliza. Mchina ana vitabu kwa Kichina, Mrusi kwa Kirusi.

#17 Nukta Mkato

Hapo tutabishana kidogo. Maneno maalumu ya Java ni kama hamsini hivi, na anayeanza anakutana na robo yake: if, else, while, for, return, class, new na mengine machache. Hayo mtu anayajua kwa siku chache hata kama Kiingereza hajui. Lua yenyewe, inayotumika kwenye gemu kibao, ilizaliwa Brazili mwaka 1993 chuo kikuu cha PUC pale Rio, kwa watu wanaoongea Kireno, na maneno yake wakayaweka ya Kiingereza. Hawakufa.

Na hata Mwingereza haelewi "class file major version 65". Siyo Kiingereza kile, ni lugha ya mafundi.

#18 Mti wa Muarobaini

Hao wa Brazili walikuwa maprofesa, mkuu. Unamlinganisha profesa na kijana wa stesheneri? Maneno hamsini sawa, lakini maelezo ya hayo maneno hamsini yako kwa lugha gani? Huyu akipata mtu wa kumweleza kwa Kiswahili kama alivyofanya Mwalimu, ameelewa papo hapo. Uzi huu wenyewe ndiyo ushahidi wangu.

#19 Binti Rau

Kuna kitu katikati ya hoja zenu. Mti wa Muarobaini anasema lugha, mimi nasema mtu. Nilijifunza kwa gemu ya Stardew Valley. Nilianza na Content Patcher, modi ya kubadilisha vitu vya gemu, ni JSON tupu, nikawavalisha wahusika vitenge na kanga. Nilipotaka tabia mpya ikabidi niingie lugha ya C# kupitia SMAPI, inayopakia modi za gemu hiyo, na hapo nikasimama kabisa. Kilichoniokoa ni dada mmoja aliyekuwa anasoma chuo Arusha, akija likizo Moshi anakaa nami jioni. Hakunifundisha somo lolote. Alikaa tu pembeni, nikikwama anauliza, "Imesema mstari wa ngapi?" Natazama, kumbe imesema. Kila siku ilikuwa inasema na mimi nilikuwa naruka.

Yale maandishi mekundu usiyasome kuanzia juu hadi chini kama gazeti. Tafuta neno "Caused by", ikiwa yako mengi chukua la mwisho. Halafu chini yake tafuta mstari wenye jina la folda yako wewe. Mengine yote ni ya watu wengine.

Ukijifunza peke yako, kosa dogo la koma linakula jioni nzima. Ukiwa na mtu ni sekunde. Mtu akipoteza jioni zake kwa koma, ataacha hata kama lugha ni rahisi kiasi gani.

#20 Konda Mstaafu

Binti Rau umenena. Kwenye magari fundi hajifunzi kwa video, anashika tochi na kumwangalia fundi mkubwa mpaka siku anapoambiwa "njoo ufunge wewe".

#21 Mzee wa Mifongo

Vijana salaam. Mimi gemu sizijui, mjukuu ndiye amenionyesha huu mjadala kwa sababu ya mgomba. Nina neno moja kwa huyu wa Majengo. Nimesoma mnazungumza ngano, umri sifuri mpaka saba. Mgomba siyo ngano. Ngano unavuna, unapanda tena mbegu. Mgomba unazaa mkungu mmoja, ule mmoja tu, halafu shina lile linakwisha, unalikata. Lakini mgomba haufi, chini yake yanatoka machipukizi. Mkulima anayeacha yote yakue anaharibu shamba. Unaacha mama, binti na mjukuu, mengine unayang'oa ukapande kwingine. Sasa huyu akiweka mgomba unaovunwa na kubaki umesimama kama mchungwa, sisi wa huku tutamshangaa.

Na maji yapite jirani. Mfongo haukuchimbwa kwa mapambo.

#22 Kijana wa Kihamba

Shikamoo mzee. Hili nilikuwa nalijua shambani na sikulifikiria kwenye gemu hata mara moja. Nilikuwa nakopi tu darasa la ngano.

#23 Nukta Mkato

Mzee wa Mifongo shikamoo. Wakuu, mmeona kilichotokea? Mzee ameandika programu. Soma tena #21, kuna masharti yote ndani: ukivunwa, shina liondoke, ikiwa pana nafasi jirani, chipukizi litoke, mashina yakifika matatu, lisitoke jingine, bila maji, lisikue.

Kijana wa Kihamba, hiyo ndiyo kazi yako, na ndiyo maana kukopi ngano kungekukwamisha hata Java ingekuwa nyepesi. Maji gemu inakusaidia: ardhi iliyolimwa inalowa ikiwa maji yako ndani ya bloku 4. Kwa hiyo mfongo mmoja katikati unanywesha bloku 4 kila upande. Ila kumbuka maji yanayotiririka kwenye tambarare yanafika bloku 7 tu kutoka chanzo, mfongo mrefu utahitaji mteremko au vyanzo zaidi.

#24 Bwana Shamba 88

Na mkungu uwe wa mchare tafadhali. Mtori bila mchare ni uji.

#25 Chalii wa Sombetini

Hapo mtatugombanisha na Wameru. Huku Arusha upande wa Meru ndizi zipo za kumwaga na mtori unapikwa vizuri kuliko wenu.

#26 Bwana Shamba 88

Chalii wa Sombetini usivuke daraja la Kikafu tena.

#27 Binti Rau

Jamani turudi. Mtoa mada, Java 17 imekubali?

#28 Kijana wa Kihamba

Ile 65 imeondoka kabisa, Nukta Mkato ubarikiwe. Sasa limeingia jingine. Ikianza kuandaa mradi, mashine inaganda. Panya haisogei, feni inapiga kelele, nasubiri mpaka nazima kwa kubonyeza batani. Hakuna maandishi mekundu, kwa hiyo hata "Caused by" sina. Jedwali la Mwalimu nimelifanya, nimelifanyia na mgomba, nalipenda kuliko video zote. Kwa hiyo kichwa kinaanza kufunguka ila mashine ndiyo imefunga.

#29 Chalii wa Sombetini

Fungua faili linaitwa gradle.properties kwenye folda ya mradi. Utaona org.gradle.jvmargs=-Xmx3G. Forge inaomba GB 3 na wewe unazo 4 kwa jumla, Windows yenyewe inataka zake, IntelliJ nayo inataka. Hapo kuna nini cha kubaki?

Hamia Fabric. Mradi wake wa mfano umeandikwa 1G palepale. Na badala ya IntelliJ tumia kitu chepesi, VS Code kwa mfano.

#30 Nukta Mkato

Sikubali kuhamia Fabric kwa sababu ya RAM tu, kila alichojifunza cha kusajili bloku kwenye Forge atakiandika upya. Kwanza funga kivinjari, funga kila kitu, endesha ile hatua ya kwanza kwenye dirisha jeusi la amri bila IntelliJ. Maandalizi ya mwanzo ndiyo yanayokula, ukishapita yanabaki kwenye diski. Ikigoma ndiyo tuongee Fabric.

#31 Mti wa Muarobaini

Kwa hiyo sasa siyo lugha, siyo njia, siyo mwalimu. Ni hela. Mwenye GB 16 asingefika hata kwenye hili swali.

#32 Mwalimu Njiro

Hela inachangia, sitapinga. Lakini shuleni kwetu zipo mashine zenye nguvu kuliko hiyo na wanafunzi bado wanasema 8. Mtoa mada ana mashine dhaifu na jedwali lake tayari. Kila mmoja amekwama pake.

#33 Pilipili Kichaa

Na hakuna hata mmoja aliyenijibu. Python kwenye RAM GB 4 inakimbia bila tabu yoyote. Jedwali la Mwalimu angelijaribu kwenye kompyuta leo hii, siyo kwenye daftari. Andika kanuni zote za Mzee kwa Python, mgomba uwe herufi tu kwenye skrini, M kwa mama, B kwa binti. Zikikubali, unazihamishia Java ukiwa unajua unachotaka. Hapo nimekosea nini?

#34 Mwalimu Njiro

Hapo Pilipili Kichaa una hoja. Ingawa Java nayo inaweza kufanya hivyohivyo bila Minecraft wala Gradle, faili moja na Notepad, na asingehitaji kuhamisha kitu.

#35 Tanzanite ya Kijivu

Samahani kuchomekea. Roblox naweza kutengeneza kwa simu? Nina simu tu.

#36 Binti Rau

Kucheza ndiyo, kutengeneza hapana. Roblox Studio inataka Windows au Mac. Lugha yake ni Luau, ni Lua iliyoongezewa vitu, kwa hiyo Lua ya kawaida unaweza kuanza kujifunza kwenye simu, zipo programu za kuandikia. Angalia tu, kule hesabu ya orodha inaanzia 1, siyo 0 kama Java.

#37 Kijana wa Kihamba

Nimefanya alivyosema Nukta Mkato, dirisha jeusi tu, nimeiacha inafanya kazi nikaenda stesheneri. Umeme ulikatika katikati, narudia usiku. Wakati nasubiri naandika kanuni za mgomba kwa Java tupu kama Mwalimu alivyosema kwenye #34, faili moja. Ya maji imekubali. Ya kuvuna imekubali.

Imebaki ya chipukizi. Mzee wa Mifongo, kama upande linapotaka kutokea kuna mtu ameshajenga ukuta, lisitoke kabisa au litafute upande mwingine?

#38 Mzee wa Mifongo

Litafute upande mwingine. Kwangu liliinua sakafu ya banda la mbuzi.

#39 Nukta Mkato

Basi unahitaji kuzunguka pande nne, moja baada ya nyingine, na kusimama kwenye ya kwanza iliyo wazi. Usiandike if nne mfululizo, weka pande zako kwenye orodha na utumie for. Ukikwama weka hapa ulichoandika.

#40 Chalii wa Sombetini

Asianze kila mara na upande uleule lakini, la sivyo kihamba chote kitaelekea kaskazini. Zichanganye pande kwanza.

#41 Kijana wa Kihamba

Kuzichanganya nafanyaje?

#42 Nukta Mkato

Collections.shuffle, ndani ya java.util. Jaribu, kisha tuonyeshe kinachotoka.